Re: Shule inataka kufuta muziki na uchoraji, niseme nini kikaoni?
Pole mzazi mwenzangu, hili la kufuta sanaa ili waongeze vipindi vya hesabu linauma kwa kweli. Kwanza usiende kikaoni peke yako, tafuta wazazi watatu wanne mwingie na hoja moja. Na msianze na eti sanaa inapandisha maksi, hapo watawabana, ongeleeni kile sanaa yenyewe inachomjengea mtoto. Wangu alikuwa wa kujificha nyuma ya wenzie, wakampa nafasi ya bibi mgonjwa kwenye igizo, basi wiki nzima yuko sebuleni anajifunza kukohoa na kutembea na fimbo, siku moja akaniuliza, "hivi bibi akiachwa peke yake anawaza nini?" Swali kama hilo mtihani gani unalifundisha jamani? Halafu printi kabisa Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa 1989, kifungu cha 31 kinataja wazi haki ya mtoto kushiriki kwenye utamaduni na sanaa. Ombeni ratiba muione wenyewe, na mwalimu wa sanaa mumwambie mapema asije akashtukizwa.