Kumtema mchezaji si kuacha kumlipa: kwa makatibu na wahasibu wapya wa klabu

Wiki iliyopita nilipigiwa simu na vijana watatu wa klabu tatu tofauti. Mmoja mhasibu, wawili makatibu, na hakuna aliyemaliza hata msimu mmoja kazini. Wote waliuliza swali lilelile: "Kaka, huyu tukimtema tutaokoa shilingi ngapi kwa mwezi?" Wa tatu sikumwacha amalize. Nilimwambia nitampigia baadaye, nikakaa chini kuandika haya, maana swali hilo ndilo nililoanza nalo mimi mwaka 2022, na jibu lake liliila klabu yangu zaidi ya dola 44,000.

Wadogo zangu, nawapenda, na kazi yenu naijua. Dirisha la usajili likikaribia kufungwa simu haitulii, kocha ameshataja jina analolitaka, wakala yuko hotelini na mteja wake, mwenyekiti anataka jibu kabla ya magharibi. Lakini msimu baada ya msimu mnaingia kwenye shimo lilelile tulilochimba sisi, na safari hii nimechoka kuwatoa mmoja mmoja kwa simu.

1. Hesabu miezi iliyobaki.

Ukiniambia mchezaji analipwa dola 2,000 kwa mwezi hujaniambia kitu. Zidisha kwa miezi iliyobaki kwenye mkataba, hapo ndipo tutaanza kuzungumza. Ukimvunjia bila sababu ya haki, madai yake yanaanzia kwenye thamani ya mkataba uliobaki. Kushuka kiwango si sababu ya haki. Kuumia si sababu ya haki. Kocha kutomwelewa si sababu ya haki, na kocha mwenyewe mara nyingi anakuwa ameshafungasha kabla hukumu haijatoka.

Mmoja wenu alinijibu kwa mfano wa NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani: mbona wale wanakata wachezaji kila kukicha na maisha yanaendelea? Mfano mzuri, ila usomwe hadi mwisho. Kule kila timu ina ukomo wa mishahara, yaani jumla ambayo hairuhusiwi kuivuka kwa mwaka. Mwaka 2024 ulikuwa dola milioni 255.4. Mshahara usio na dhamana unakufa siku mchezaji anapokatwa, ndiyo maana wanakata kirahisi. Kinachowakaba ni ile bonasi ya kusaini. Mchezaji anapewa pesa yake, lakini kwenye hesabu za ukomo inagawanywa hadi miaka mitano, na ukimkata katikati, sehemu iliyobaki inakuangukia. Wenyewe wanaiita pesa mfu, kwa kuwa inakula nafasi ya watu walio hai uwanjani. Machi 2024 timu ya Denver Broncos iliamua kuachana na mchezaji wake Russell Wilson, na dola milioni 85 zikaiangukia kwenye ukomo wake: 53 mwaka ule, 32 mwaka uliofuata.

Sisi hatuna ukomo wa aina hiyo. Ukomo wetu ni salio la benki na nafasi za wageni, yaani idadi ya wachezaji wa kigeni tunaoruhusiwa kuwasajili. Lakini mikataba yetu ni mizito kuliko ya kwao, kwa sababu kwetu mkataba wote una dhamana, kuanzia mwezi wa kwanza hadi wa mwisho. Ukisaini miaka mitatu umesaini miezi 36, apigwe benchi au asipigwe.

2. Pesa ya usajili mliyompa mwaka jana isiingie kwenye hesabu.

Mwenyekiti atasema, "Tumempa milioni 60, hawezi kuondoka hivihivi." Hiyo milioni 60 hairudi akibaki, hairudi akiondoka. Mwambie kwa heshima, mwambie tena kesho yake.

3. Karatasi moja, mistari minne.

Kubaki, kuvunja kwa makubaliano, mkopo, kuuza. Kila mstari uwe na mshahara, nyumba, tiketi, kibali cha kazi, bonasi, na kile ambacho wote watatu mlikisahau: gharama ya mbadala wake. Huyo mnayemleta ana pesa ya usajili, ana wakala, ana nyumba. Ukimtoa wa dola 2,000 ili uingize wa dola 3,000, huku wa kwanza bado anakudai, unalipa 5,000 kwa nafasi moja.

4. Kumkata jina na kunyamaza.

Hapa nitakaa, mnisamehe.

Alikuwa mshambuliaji kutoka Afrika Magharibi. Mkataba wa miaka miwili, Julai 2021 hadi Juni 2023, dola 2,500 kwa mwezi, nyumba juu ya klabu. Hadi Desemba alikuwa na mabao mawili. Kocha akamchoka, akataka kiungo, na nafasi za wageni tulikuwa tumezijaza. Ili kiungo aingie, mmoja lazima atoke.

Yule kijana alikuja mwenyewe. Hili ndilo linaloniuma mpaka leo. Wiki ya kwanza ya Januari, dirisha dogo likiwa wazi, aliingia ofisini, akasema "shikamoo, katibu", neno alilofundishwa na vijana wa timu B, akakaa. Akasema anaona kwamba hatakiwi, na yeye hataki ugomvi na mtu. Akaomba mishahara ya miezi mitatu na tiketi ya kurudi kwao. Dola 7,500 na tiketi, tupeane mikono. Nilikuwa na kalamu mkononi. Nilimwambia nitalifikisha kwa uongozi.

Nikalifikisha hivi: "Mwenyekiti, anataka tumlipe miezi mitatu ya kukaa bure." Ukilisema hivyo, mwenyekiti gani atakubali? Ningesema, "Mwenyekiti, anatusamehe miezi 15 kati ya 18," ni mambo yaleyale, ila mlango ungefunguka. Sikusema, kwa sababu sikuwa nimepiga hesabu ya miezi 18. Kichwani mwangu kulikuwa na 2,500 tu.

Wazo la pili lilikuwa langu pia. Nilisema tumkate jina kwenye usajili, tusimpe barua yoyote, afanye mazoezi peke yake, mshahara usimame. Atachoka, ataondoka mwenyewe. Nilikuwa nimeona wakubwa zangu wakiwafanyia hivyo wachezaji wazawa kwa miaka, na mzawa alirudi kwao kimya, kwa sababu hakujua pa kwenda kulalamika. Mimi nikauita huo ni uzoefu. Ulikuwa uonevu ambao ulikuwa bado haujapata mwanasheria.

Februari nilimkuta saa kumi jioni akikimbia peke yake pembeni ya uwanja, wenzake wakiwa katikati na mipira. Akaniamkia vilevile. Nikaitikia, nikapita. Mwisho wa mwezi mwenye nyumba akaanza kumgongea mlango yeye kuhusu kodi ambayo tulipaswa kulipa sisi. Vijana wa timu B ndio waliokuwa wakimpelekea chakula. Niliambiwa baadaye na mtunza vifaa, na aliniambia bila kunitazama usoni.

Mwanzoni mwa Machi ikaingia barua pepe ya mwanasheria wake. Ukurasa mmoja na nusu: mishahara ya miezi miwili haijalipwa, mna siku 15. Ninyi mnaijua ibara ya 14bis ya kanuni za FIFA, ile inayompa mchezaji asiyelipwa mishahara miwili haki ya kuvunja mkataba siku 15 za onyo zikipita. Hata mimi niliijua. Niliichapa, nikaiweka mezani kwa mwenyekiti chini ya ankara za basi, nikajiona nimetimiza wajibu. Siku hizo 15 dola 5,000 zingetosha kuturudisha mezani kuzungumza naye. Hatukujibu hata kwa mstari mmoja. Mwisho wa Machi akavunja mkataba yeye mwenyewe, akiwa na sababu ya haki tuliyompa sisi kwa mikono yetu, akapanda ndege kwa tiketi aliyochangiwa.

Sasa shikeni kalamu. Mishahara isiyolipwa ya Januari, Februari na Machi: 7,500. Mkataba uliobaki, Aprili 2022 hadi Juni 2023, miezi 15: 37,500. Septemba alipata timu nyingine kwa dola 800 kwa mwezi, miezi kumi hadi Juni, kwa hiyo tukapunguziwa 8,000, ikabaki 29,500. Ni nafuu ileile waliyoipata Denver: Wilson alipokwenda Pittsburgh kwa dola milioni 1.21, kiasi hicho kilitolewa kwenye milioni 39 walizokuwa wamemdhaminia kwa mwaka ule. Nafuu ndogo, lakini ipo. Kisha, kwa sababu mkataba ulivunjika kutokana na malimbikizo yetu, kanuni ziliongeza mishahara mitatu juu yake: 7,500, ikawa 37,000. Jumlisha na malimbikizo yenyewe: dola 44,500, na riba ya asilimia 5 kwa mwaka.

Tuliombwa 7,500 na tiketi.

Alikuwa ametushtaki FIFA, na hukumu ilikuja fupi, bila sababu. Tulikuwa na siku kumi za kuomba sababu ili tuweze kukata rufaa CAS, mahakama ya usuluhishi wa michezo. Hatukuomba, na hatukuwa na la kusema huko. Siku 45 za kulipa zikapita. Tukafungiwa kusajili, na kufungiwa huko hakuchagui, huandikishi mgeni wala mzawa. Dirisha kubwa likapita tukiangalia wenzetu wakitambulisha wachezaji. Beki wetu wa kushoto alipoumia tukampanga kijana wa miaka 18 ambaye hakuwa tayari. Tulifungwa mabao manne, yote yakianzia upande wake, nikamkuta chumba cha kubadilishia amejifunika taulo kichwani. Kosa halikuwa lake. Mtunza vifaa, mzee aliyekuwepo klabuni kabla yangu, alikaa miezi miwili bila mshahara ili deni liishe. Na kiungo yule aliyesababisha yote alicheza mechi sita.

Nilimpigia mshambuliaji wetu siku tulipomaliza kulipa. Nilimwomba radhi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, kwa Kiswahili, "Katibu, mimi nilitaka kwenda nyumbani na heshima yangu." Tangu siku hiyo, mtu akiniambia "tumkaushie tu ataondoka", sauti yangu inapanda. Mnaonijua mmeshaisikia.

5. Mengine kwa haraka.

Bango la "Thank You" la kumuaga mchezaji mitandaoni lipandishwe baada ya sahihi, kamwe si kabla. Mkishawapa mashabiki jina, mchezaji hana sababu ya kupunguza hata senti.

Makubaliano ya kuvunja yaandikwe kiasi, tarehe ya malipo, na kwamba baada ya hapo hakuna anayemdai mwenzake.

Barua pepe ya klabu na TMS, mfumo wa FIFA wa uhamisho wa wachezaji, zifunguliwe kila asubuhi na mtu mmoja anayejulikana kwa jina, hata kama ni mwezi wa mapumziko.

Ukimtoa kwa mkopo, andika nani analipa nini hadi shilingi ya mwisho, na umpigie mchezaji kila mwezi kumuuliza kama amelipwa.

Mzawa mtendee vilevile. Kwamba hajui njia ya kufika TFF, shirikisho la soka la Tanzania, hakukupi ruhusa.

6. Mlango wa kutokea unajengwa siku ya kusaini.

Hili nalirudia kwa sababu mhasibu kati ya wale watatu ana mkataba wa miaka minne mezani kwake wa mchezaji mwenye miaka 31, na hajui nani aliukubali. Nilimuuliza kifungu cha kuvunja kinasemaje. Hakipo. Kila mmoja alikuwa na haraka ya kupiga picha na jezi. Kumbukeni sakata la Feisal Salum na Yanga, Desemba 2022: mchezaji aliweka pesa kwenye akaunti ya klabu akiamini amejitoa, Januari 2023 kamati ya TFF ikasema bado ni mali ya Yanga, na suala likaja kumalizika Juni klabu ilipokubaliana na Azam. Nusu msimu mchezaji mzuri hakucheza. Pande zote mbili zilikuwa na wanasheria, zilikuwa na majina makubwa, na bado haikuwa rahisi. Klabu yenu yenye ofisi ya vyumba viwili itafanyaje? Andikeni mapema: upande wowote ukitaka kuondoka analipa nini, kwa tarehe gani, kwa maandishi gani. Kiasi kiwe cha haki kwa wote wawili, kisije kikatupwa mbele ya safari. Na miaka miwili ni mingi ya kutosha kwa mtu ambaye hamjamwona akicheza mvuani.

Yule kijana wa tatu nilimpigia usiku uleule. Mchezaji wake amebakiza miezi 14, dola 1,800 kwa mwezi, na bango lilikuwa limeshatengenezwa linasubiri kubonyezwa. Nilimwambia alifiche, achukue karatasi ya mistari minne, aende na mhasibu nyumbani kwa mchezaji, asimwite ofisini, na kwanza amlipe mshahara wa mwezi uliopita ambao yeye na wenzake wote bado wanaidai klabu. Jana asubuhi akanitumia ujumbe: wamekubaliana miezi minne na tiketi mbili, ya mchezaji na ya mkewe. Dola 7,200 badala ya 25,200. Mwenyekiti amesaini, mchezaji amesaini. Pesa inatakiwa itoke Ijumaa saa sita mchana, na saa sita na dakika moja nitampigia.