Kuandika riwaya bila mpango, na bado ukaimaliza

Mkuu mleta uzi, umesema ukipanga riwaya sura kwa sura hamu inakwisha kabla hujaanza, na usipopanga unakwama sura ya nne au ya tano, muswada unalala. Waliokujibu juu wanakwambia ujilazimishe kupanga. Siungi mkono. Wapo watunzi wanaoijua hadithi yao kwa kuiandika, na mtu wa aina hiyo akishajua mwisho haoni tena cha kumkalisha kitini. Mpango ataufanya, ila baada ya rasimu ya kwanza. Kabla ya hapo anachohitaji ni pa kuanzia penye nguvu na kumbukumbu nzuri anazoziandika njiani.

Pa kuanzia pawe hali yenye swali ndani yake. "Binti wa Tandale anayetafuta maisha" haikufikishi ukurasa wa kumi. Chukua hii: fundi cherehani analetewa koti alipunguze kiunoni, na kwenye mfuko wa ndani anakuta kitambulisho cha NIDA chenye picha ya mteja yuleyule, jina lingine. Mteja ni nani hasa? Usijue bado. Jua mambo mawili tu kuhusu fundi: wiki hii anataka nini, na anaogopa nini. Tuseme anadaiwa kodi ya fremu ya miezi mitatu, na mteja huyu hulipa kabla ya kazi. Tayari ana sababu ya kuuliza na sababu ya kunyamaza, na wewe una tukio la kwanza.

Kiasi cha siku kiwe kidogo. Maneno 400 kila siku yanakupa rasimu ya maneno 50,000 kwa siku 125. Acha kuandika ukiwa bado unajua sentensi inayofuata. Ukingoja mpaka uishiwe, kesho unaanzia ukutani.

Kila ukimaliza tukio, fungua daftari la pembeni uandike mstari mmoja: nani alitaka nini, kipi kilimzuia, na nini kimebadilika. Hicho cha tatu ndicho kipimo. Kama hakuna kilichobadilika, ulichoandika ni maongezi, hata yawe matamu namna gani. Humohumo weka majina, umri, siku ya wiki, rangi ya koti. Asiyepanga ndiye hasa anayembadilishia mhusika jina sura ya tisa bila kujua.

Sasa, ukifika sura ya sita ukagundua kumbe fundi ana dada anayefanya kazi ofisi ya kata, usirudi sura ya kwanza kumwingiza. Andika palepale ### DADA AONEKANE SURA YA 2, kisha endelea kama vile dada alikuwepo tangu mwanzo. Alama hiyo haitokei katika maandishi ya kawaida, kwa hiyo baadaye ukiitafuta kwenye faili, zote zinakuja kwa mpigo. Kurudi nyuma kumeua miswada mingi kuliko uvivu. Sura ya kwanza inasuguliwa mara kumi mpaka inang'aa, na kwa kuwa inang'aa, mtunzi hana moyo wa kuikata hata pale hadithi inapodai ikatwe. Ruhusa ya kurudi sura ya kwanza ni moja: umebadili msimulizi. Hapo andika upya kurasa mbili tatu ili sauti mpya ikae mdomoni, halafu usonge mbele.

Huko kukwama kwako sura ya nne kuna maelezo. Mvuto wa mwanzo umeisha, maswali yote yako wazi, na hakuna hata moja lililomgharimu mtu kitu. Kosa huwa haliko kwenye ukurasa uliokwama, liko tukio moja au mawili nyuma. Angalia kwanza kama mhusika amepewa jibu bure: fundi karudisha koti, mteja kaeleza kila kitu, hadithi imekwisha na wewe hujui imekwisha. Au mhusika anapokea tu yanayomkuta, haamui lolote. Au kila hadithi ikipoa unaleta mtu mpya, mpaka wanakuwa kumi na wawili na hakuna anayebanwa.

Dawa ni kurudi kwenye uamuzi wa mwisho wa mhusika na kuandika njia tano, kila moja sentensi moja. Mbili za kwanza kwa kawaida ndizo ambazo msomaji yeyote angezibashiri, ziache. Chagua itakayomgharimu mhusika. Kwa fundi wetu: anarudisha koti, kitambulisho anakibakisha. Mteja lazima arudi kukiulizia, fundi lazima adanganye, na dada wa ofisi ya kata ghafla ana kazi ya kufanya. Yaliyofuata njia ya zamani yahamishie faili la mabaki, usiyafute kabisa.

Rasimu ikiisha, ilaze. Stephen King, mtunzi wa riwaya wa Marekani ambaye naye hapangi msuko kabla, katika kitabu chake On Writing cha mwaka 2000 anashauri angalau wiki sita, na rasimu ya pili iwe pungufu kwa asilimia 10. Kwa anayeandika kwa kugundua naona 10 ni kidogo, kwa sababu sura za mwanzo mara nyingi ni wewe ulikuwa unaitafuta hadithi. Jaribu kuanza kusoma kutoka sura ya pili au ya tatu. Kama hukupotea, umepata pa kukata.

Hapo ndipo mpango unapoandikwa. Chora jedwali, mstari mmoja kwa kila tukio: siku, mahali, anayetaka, kikwazo, kilichobadilika. Matukio mawili yenye badiliko lilelile yaunganishe. Mtu aliyetokea mara moja akapotea, mpe kazi ya pili au mtoe. Maliza zile ### zote kabla hujagusa lugha, maana kunyoosha sentensi za tukio litakalokatwa ni kupoteza jioni.

Kwa wanaotupia simulizi vipande vipande mtandaoni, tahadhari ni tofauti kidogo. Kipande kilichotoka hakirudishwi, na wasomaji wenye arosto watakusukuma ushushe kingine usiku huohuo. Kuwa mbele yao kwa vipande kumi, ili ukigundua jambo kwenye cha kumi na tano bado uweze kulipandia mbegu kwenye cha sita. Ubashiri wao kwenye maoni usome, lakini kwa ajili ya kujua njia ipi imeshajulikana. Na kama vipande vya mwisho unavilipisha, usipokee M-Pesa ya mtu kabla rasimu nzima haijaisha.