Nyumba ni ile ile, mwaka mzima tunaihama

Swali lenu la wiki hii ni hili: "Nyumba ya ukoo wenu ina historia gani, na siku hizi mnapumzikia wapi ndani yake?" Nadhani mliyaona kuwa maswali mawili. Kwetu ni moja. Nyumba yetu iko Kiponda, katika Mji Mkongwe wa Unguja, na karibu kila ninachokijua kwa uhakika kuhusu historia yake nimekipata kwa kuwauliza wazee walikuwa wakikaa wapi baada ya alasiri, na upepo gani ulikuwa ukivuma.

Hati tunayo. Nyumba ni wakfu wa ukoo, haiuzwi, na hati yenyewe imechoka kwenye mikunjo. Inachosema sana ni mipaka: upande huu nyumba ya fulani, upande ule njia, upande wa tatu kiwanja ambacho leo si kiwanja tena. Nani alijenga, haisemi. Mwaka nao kila mzee ana wake. Wapo wanaosema ilijengwa kabla ya tufani, yaani ile ya 1872 iliyoangusha mikarafuu ya Unguja. Wapo wanaosema zama za Sayyid Barghash, aliyetawala kutoka 1870 hadi 1888, kwa hiyo huenda pande zote mbili zinasema jambo moja na hazijajua. Ami yangu, ambaye hajawahi kukubali kushindwa barazani, hushikilia tu kwamba mizinga ya Waingereza ilipopiga kasri Agosti 1896 nyumba ilikuwa imeshasimama, na hapo hakuna wa kumbishia.

Mimi mwaka wa jiwe la kwanza haunisumbui. Nyumba ya mawe haijengwi ikaisha. Huongezwa chumba, huzibwa mlango, hufunguliwa dirisha pale palipokuwa na kidaka, kile kishubaka cha ukutani. Hata umbo lake halikutokana na matakwa ya mwenyewe peke yake: vyumba vyetu ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazivuki zaidi ya mita tatu hivi bila kupinda. Upana aliuamua mti. Kilichobaki mikononi mwa watu ni kuchagua wakae wapi, na hapo ndipo penye hadithi.

Nianze na kaskazi, Disemba hadi Machi. Ndio upepo uliokuwa ukileta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi, na ndio wakati wa joto letu. Vyumba vya juu havikaliki alasiri, basi ukoo mzima unashuka. Wanawake na watoto wadogo wanakuwa uani. Ua wetu ni mdogo, umezungukwa na kuta za ghorofa mbili, na jua hulifikia sakafu yake kwa muda mfupi tu karibu na adhuhuri. Hewa ya moto hupanda ikatokea juu, na iliyopoa kwenye kichochoro huvutwa ndani kupitia mlango mkubwa. Ndiyo maana marehemu bibi hakutaka mlango ule ufungwe mchana. Pazia, ndiyo. Ubao, hapana. Watoto wa siku hizi wakiufunga ili wasikie televisheni vizuri, haipiti nusu saa kabla mtu hajaanza kulalamika joto.

Wanaume wako nje, barazani. Muuza kahawa anapita na dele lake huku akigonganisha vikombe, kashata zimo kwenye chombo, na bao limewekwa katikati. Ami hucheza taratibu mno. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na kila mchezaji anaanza na kete 6 ndani ya lile shimo la mraba linaloitwa nyumba. Ami huilinda nyumba yake kama hati ya wakfu. Huziangalia zile komwe, mbegu zinazotumika kama kete, anaziparaza kwa kidole bila kuziokota, anaangalia uso wa mwenzake, anaomba kahawa nyingine. Waliokuja kutazama hukata tamaa wakahamia kwenye dhumna. Baraza yenyewe ni sehemu ya ukuta, imejengwa kwa mawe yale yale na kupakwa chokaa ile ile, na kazi yake ya zamani ilikuwa kumpokea mgeni bila kumwingiza ndani kwenye faragha ya wanawake. Mambo mengi ya ukoo huu, posa, madeni, magomvi ya mirathi, yalimalizwa pale nje na wala hayakupita mlangoni.

Masika yakiingia, baraza inageuka njia. Maji yanajaa kichochoroni, na wapita njia wanapanda kwenye baraza za watu, moja hadi nyingine, viatu mkononi. Hakuna anayewakataza. Kwa hiyo wale wanaoiziba baraza ili watengeneze kibanda cha kuuzia picha na vinyago hawajui wanachokifanya: wamemnyima jirani pa kukanyagia. Nasema hivi nikijua kwamba mmoja wao ni mtoto wa ami yangu na atalisoma jibu hili.

Masika ndiyo pia yanayofichua makosa ya mafundi. Kuta zetu ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa. Zinanyonya maji na zinahitaji kuyatoa. Chokaa huziruhusu. Saruji huwa ngumu nje, unyevu ukanasa ndani pamoja na chumvi, na msimu ukipita plasta inabanduka vipande vizima. Tunao ukuta mmoja ukumbini uliopigwa saruji, na kila mwaka baada ya Mei tunafagia sehemu yake. Lakini linalotisha zaidi halionekani. Ncha za boriti zimezama ndani ya ukuta, na maji yakizifikia huoza kimyakimya. Siku ukigundua, dari imeshaanza kulegea. Kwa hiyo burudani yetu ya masika, kama mnataka kuiita hivyo, ni kukaa ukumbini, kunywa chai ya tangawizi, na kutazama juu.

Kuanzia Juni tuko kwenye kipupwe. Kusi inavuma, mbingu ni safi, na ukoo unapanda. Roshani ya mbele inagombewa. Watoto wanarusha tiara, nyingine zinanasa kwenye nyaya za umeme na kubaki hapo hadi zikachanika. Julai wako wanaokwenda Makunduchi kwenye sherehe za Mwaka Kogwa, wakirudi wana habari za wiki nzima. Chokaa hupakwa wakati huu, ukuta ukiwa umekauka na jua si kali.

Na hapa nataka niwaonyeshe kitu ambacho mgeni akipita hakioni. Kwenye ngazi ya mawe iendayo ghorofa ya pili, kipandio kimoja karibu na dirisha kimelika. Hakikulika katikati, ambako miguu inapita. Kimelika pembeni, kwenye ukuta, kama bakuli jembamba. Bibi na mashangazi zangu walikaa pale wakishona kofia, kwa kuwa ndipo penye mwanga wa kutosha kuona matundu ya sindano na ndipo kusi inapoingia. Mama zao nao walikaa pale pale. Kofia nzuri ya mkono huchukua miezi, na fedha yake ilikuwa ya mwanamke mwenyewe, hakuulizwa. Ukiniuliza nani aliijenga nyumba hii nitanyamaza, ila ukitaka kujua nani aliyeitumia nitakukalisha pale.

Vuli si ya kusimuliwa sana: mvua inakuja, inaondoka, mikeka inatolewa na kurudishwa ndani siku hiyo hiyo.

Lakini kipo kitu kinachovuruga ratiba hii yote, nacho ni Ramadhani. Inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, na huchukua takriban miaka 33 kuuzunguka mwaka mzima na kurudi ilipokuwa. Mwaka 2015 iliangukia Juni na Julai, tukafuturu ukumbini, watu wamejifunika shuka baada ya tarawehe. Mwaka 2025 ikawa Machi, na hakuna aliyetaka kukaa ndani. Sinia zilishushwa uani.

Jambo hili ndilo lililomaliza ubishi wa miaka mingi nyumbani. Bibi alikuwa akisema kwamba zamani futari ililiwa juu ya paa, kila siku, mkeka umetandikwa na bahari inaonekana. Shangazi, aliyekuwa mtoto mwanzoni mwa miaka ya 1980, alikana kabisa: hajapata kufuturu juu ya paa hata mara moja, na bibi amechanganya na sikukuu. Kila mmoja alimwona mwenzake msahaulifu. Nikatafuta jedwali la miezi ya Kiislamu nikawaonyesha. Bibi alipoletwa hapa bibi harusi, mwishoni mwa miaka ya 1950, Ramadhani ilikuwa Machi na Februari, kaskazi tupu. Shangazi alipokuwa mdogo ilikuwa Julai na Juni, na nani apande juu ya paa usiku wa kipupwe upepo umuondolee sahani? Wote wawili walisema kweli. Bibi aliongeza moja alilokuwa halijamtoka: Ramadhani ya 1964, iliyoanza siku chache tu baada ya Mapinduzi ya Januari 12, joto lilikuwa kali na bado hakuna aliyepanda. Walifuturu chini, mlango umefungwa.

Tukapata na faida ya pili. Paa letu leo lina mabati. Mapaa ya zamani ya Mji Mkongwe yalikuwa bapa, ya chokaa na kokoto zilizopigwa kwa vibao huku wapigaji wakiimba, na yalivuja. Watu wakachoka, wakayafunika kwa mabati. Kwetu hakuna aliyekumbuka mabati yaliwekwa lini. Sasa tunajua kwamba hayakuwapo mwanzoni mwa miaka ya 60, kwa kuwa bibi alikula juu pale. Na shangazi anapopakumbuka mahali hapo anakumbuka bati. Kwa nyumba ambayo hati yake haisemi kitu, hiyo ni tarehe nzuri.

Kipande kidogo tu cha paa la zamani kilibaki wazi, kwenye mwisho wa ngazi, na sisi vijana tulikijua kama mahali pa kuanikia nguo. Kisha umeme ukakatika Disemba 2009. Kisiwa kizima cha Unguja hakikuwa na umeme wa gridi hadi Machi 2010, na hiyo ni kaskazi yote, tangu mwanzo hadi mwisho. Wenye maduka waliwasha majenereta, mji ukanguruma na kunuka mafuta. Feni zikalala. Usiku wa mwanzo tulijipepea tukilalamika. Baadaye bibi akasema, kwa sauti ya mtu anayewaambia watu jambo wanalolijua, tupandishe mikeka juu. Tulibanana pale wakubwa kwa wadogo, tukalala. Mchana mlango mkubwa ulibaki wazi na pazia, na ua ukarudi kuwa sebule. Baraza ilijaa hadi usiku wa manane kwa taa ya chemli, bao likichezwa kwa kupapasa.

Sitaki mtu aniambie kwamba zile zilikuwa siku tamu. Pampu nazo zilisimama, na kupandisha madumu ya maji ghorofa mbili kwa ngazi ile ya mawe hakuna anayekutamani. Ninachosema ni kwamba nyumba ilikuwa na majibu yake tayari, na aliyekuwa nayo kichwani alikuwa bibi peke yake. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Sasa ami ana mradi. Ameona kwamba Ramadhani za miaka hii zinaangukia kaskazi tena, na kwamba mwaka 2030 zitaanza mbili, moja Januari na nyingine Disemba. Anataka tuondoe mabati ya upande mmoja, turudishe paa la chokaa kama lilivyokuwa, tufuturu juu. Fundi amekuja, amegonga huku na huku, akasema inawezekana lakini ncha za boriti nne lazima zitazamwe kwanza, na chokaa ilowekwe mapema, isiwe ya jana. Kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe nacho hakikwepeki, maana hapa hubadilishi paa kwa kuamka asubuhi na nyundo. Mtoto wa ami, yule wa kibanda, amesema atachangia iwapo hatutaitaja tena baraza. Wengi wetu tumekubali. Shangazi peke yake hajakubali. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza masinia ya futari atayapandisha nani, na tangu siku hiyo ami amekuwa akihesabu wajukuu wake.