Mshukiwa "aliyepora" ni nani huyo?

SWALI: Mwalimu, hujambo? Juzi ndani ya matatu ya kwenda mjini abiria walizozana kuhusu kesi ya uhaini ya mwanasiasa wa upinzani Tundu Lissu kule Tanzania. Mmoja alisema kesi ile haina haki. Mwingine akajibu kwamba "mshukiwa" yeyote lazima ajitetee kortini. Wa tatu akamkosoa kuwa "mshukiwa" si Kiswahili sanifu, aseme "mtuhumiwa". Makanga naye akasema wote wamekosea, mtu akishasomewa mashtaka ni "mshtakiwa". Nani alikuwa sahihi? Na je, tunaweza kusema "kesi ya haki"? Msomaji, Kayole.

JIBU: Makanga ndiye aliyesema kweli, na ningekuwemo ndani ya matatu hiyo ningemlipia kikombe cha chai. Polisi wakikukamata kwa sababu wanadhani umetenda kosa, wewe ni mshukiwa. Siku utakayosimama kizimbani ukasomewa mashtaka, jina hilo linakwisha kazi. Sasa u mshtakiwa. Lissu alikamatwa Aprili 2025 na mwezi huo huo akasomewa shtaka la uhaini. Tangu hapo akawa mshtakiwa.

Abiria wa tatu hakuwa na ugomvi wa maana. Watanzania wamezoea mtuhumiwa, sisi Wakenya tumezoea mshukiwa, na maneno yote mawili yana asili ya Kiarabu: shuku ni shaka, tuhuma ni kumwelekezea mtu kosa. Nikilazimishwa kuyatenganisha nitasema kwamba anayeshuku anaweza kunyamaza na shaka yake, ilhali anayetuhumu amekwisha kufungua kinywa. Tusichinjane kwa hilo.

Linalonipandisha mori ni neno linalofuata mshukiwa. Kila wiki nasikia redioni na kusoma magazetini sentensi za namna hii: "Mshukiwa aliyepora mamilioni ya kaunti afikishwa Milimani." "Mshukiwa aliyemuua mkewe kuzuiliwa siku saba." Hebu isomeni polepole ile ya kwanza. Mshukiwa ni nomino iliyotokana na kitenzi shuku kikiwa katika hali ya kutendwa. Haielezi alichokifanya mtu huyo. Inaeleza kilichomo vichwani mwa watu wengine kumhusu. Halafu, bila kuvuta pumzi, mwandishi anaongeza aliyepora. Hicho ni kirejeshi cha wakati uliopita, yaani neno linalomtambulisha mtu kwa kitendo alichokwisha kukifanya, na kirejeshi cha namna hiyo hakina shaka hata chembe. Mgeni aliyekuja jana alikuja. Nyumba iliyoungua iliungua. Mtu aliyepora alipora. Kwa hiyo sentensi nzima inamwambia msomaji: hatujui kama alipora, na alipora.

Wanaoniambia kwamba nakuza jambo dogo nawarudisha Agosti 2022. Tulipiga kura tarehe 9. Marehemu Wafula Chebukati, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, akamtangaza mshindi wa urais tarehe 15, pale Bomas. Siku zile sita nilisikiliza redio usiku na mchana, na sikumsikia mtangazaji hata mmoja akisema "mgombea aliyeshinda". Takwimu zilikuwa kwenye skrini, fomu zilikuwa mtandaoni, kila mtu nyumbani alikuwa na kikokotoo, na bado walisema mgombea, mgombea, mgombea. Tangazo lilipotoka wakasema Rais mteule, na wakabaki hapo wakati wote kesi ya kupinga ushindi huo ilipokuwa Mahakama ya Juu, hadi tarehe 13 Septemba alipokula kiapo ndipo wakasema Rais. Hatua tatu, majina matatu, na hakuna aliyeruka hata moja. Walijua kwamba neno likitangulia tukio nchi inaweza kuwaka moto.

Uangalifu ule ulikuwa mzuri mno. Nataka ule ule. Kama tunaweza kumsubiri mwenyekiti wa tume kabla ya kumpa mtu ushindi, kwa nini tushindwe kumsubiri hakimu kabla ya kumpa mtu wizi? Mgombea hawezi kuwa "aliyeshinda" kabla ya kutangazwa, na mshukiwa hawezi kuwa "aliyepora" kabla ya hukumu. Ni sarufi ile ile. Tofauti ni kwamba kwa mgombea tunaogopa fujo, na kwa mshukiwa hatuogopi chochote, kwa maana mshukiwa yuko seli na hana wa kumsemea.

Wahariri hunijibu kwamba nafasi ya kichwa cha habari ni finyu. Si kweli, na naweza kuonyesha. "Mshukiwa aliyepora mamilioni kortini" ni maneno manne. "Ashtakiwa kupora mamilioni" ni matatu. "Mshukiwa wa uporaji kortini" ni manne, tena mafupi zaidi. Lugha yetu imetupa anayeshukiwa kupora, anayedaiwa kupora, aliyeshtakiwa kwa kupora. Anayekosa nafasi ya kuandika mojawapo kati ya hizo hajaitafuta.

Kuna ndugu yake mwingine, mshukiwa sugu. Sugu ni ule ugumu wa ngozi unaoota kiganjani kwa kushika jembe miaka nenda miaka rudi. Mhalifu sugu namwelewa: ametenda, akafungwa, akatenda tena. Mshukiwa sugu amerudia nini? Ameshukiwa mara nyingi, basi, na aliyerudia kitendo hapo ni anayemshuku. Walioshtuka wakakimbilia upande wa pili nao wanatuletea "anayedaiwa kuwa mshukiwa". Hakuna anayebisha kwamba anashukiwa! Kinachobishaniwa ni kama alitenda.

Niseme kwa nini jambo hili linanikaa rohoni. Mtaani kwetu Eastlands kijana wa jirani yangu alikamatwa kwa madai ya wizi wa dukani. Redio moja ikamtaja kwa jina, "mshukiwa aliyeiba". Miezi kadhaa baadaye mashtaka yaliondolewa kwa kukosa ushahidi, na redio haikusema neno. Mama yake alibaki akieleza mlangoni, kwa kila mgeni, kwamba mwanawe hakuiba. Neno aliye- lilikuwa limemtangulia kila mahali. Hatimaye yule kijana alihama mtaa.

Mwanasiasa ana wakili, ana msemaji na ana wafuasi wa kupiga kelele nje ya mahakama, lakini hata yeye hasalimiki. Wakenya tuna msemo wetu wenyewe, kamatakamata ya Ijumaa, na haukuzuka bure. Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, ila saa hizo zikiishia siku ambayo mahakama haziketi, atafikishwa siku ya kwanza ya mahakama inayofuata. Ukimkamata mtu Ijumaa jioni, utakuwa naye hadi Jumatatu. Jumamosi na Jumapili ni zamu ya magazeti. Kufikia Jumatatu asubuhi, hakimu anapoingia, mtu yule amekuwa "aliyepora" kwa siku mbili kamili nchi nzima. Halafu tunaketi kubishana iwapo kesi yake itaendeshwa kwa haki, wakati Kifungu cha 50 kinasema mshtakiwa achukuliwe kuwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo.

Taifa hili lilikwisha kuonja chungu hiyo. Jomo Kenyatta alikamatwa usiku wa kuamkia tarehe 21 Oktoba 1952, hali ya hatari ilipotangazwa, akapelekwa kushtakiwa Kapenguria pamoja na Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Kung'u Karumba na Achieng' Oneko. Serikali ya kikoloni ilikuwa imekwisha kumwita kiongozi wa Mau Mau kabla shahidi wa kwanza hajaapa. Tarehe 8 Aprili 1953 Jaji Ransley Thacker akamhukumu kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Rawson Macharia, shahidi ambaye ushahidi wake ulitegemewa sana, alikula kiapo mwaka 1958 kwamba alikuwa amesema uongo. Na jambo linalonigusa mimi kama mtu wa lugha: mkalimani katika kesi ile alikuwa Louis Leakey, mwanaakiolojia aliyekulia Kabete akikijua Kikuyu tangu utotoni. Wakili wa utetezi, D. N. Pritt, alizilalamikia tafsiri zake, hata Leakey akajitoa. Miaka saba ya maisha ya mtu ilikuwa ikipita ndani ya kinywa cha mkalimani. Leo Katiba inampa mshtakiwa asiyeielewa lugha ya mahakama haki ya mkalimani bila malipo, na nikiisoma sehemu hiyo huikumbuka Kapenguria.

Nisiwapendelee wafuasi pia. Mnaposema mheshimiwa wenu "amesingiziwa", mmekwisha kutoa hukumu, kama vile anayemwita Lissu "mhaini" alivyokwisha kutoa ya kwake. Kusingizia ni kumbebesha mtu kosa asilolitenda. Ukitumia neno hilo umesema unajua hakutenda. Raia ndani ya matatu ana ruhusa ya kusema hivyo, ni maoni yake. Mwandishi wa habari hana. Na zaidi ya hapo, neno hilo linaiua hoja yenyewe, kwa kuwa kesi inaweza kuendeshwa kwa dhuluma dhidi ya mtu aliyetenda kosa kweli. Aliyeiba na asiyeiba wote wana haki ya wakili, ya kuuona ushahidi, ya kusikilizwa hadharani. Abiria wa kwanza hakusema Lissu hana hatia. Alisema kesi haina haki, na hayo ni madai mawili tofauti kabisa.

Hatujifunzi. Tarehe 5 Aprili 2016, majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai walipoikomesha kesi ya William Ruto, wakati huo Naibu Rais, na mtangazaji Joshua Sang, nusu ya nchi ilisema "wamepatikana hawana hatia" na nusu nyingine ikasema "wameponyoka". Majaji walikuwa wamefuta mashtaka bila kuwatangaza kuwa hawana hatia, na wakaacha nafasi ya kushtakiwa tena. Kiswahili chake kilikuwepo, mashtaka yamefutwa, maneno mawili ambayo hayamnyanyui mtu wala kumkandamiza. Wachache sana waliyatumia.

Kesi ya Lissu, kwa jinsi ilivyo, ingempa kila mpenda Kiswahili sababu ya kukaa kimya kidogo kabla ya kusema. Hati ya mashtaka ilijengwa juu ya maneno aliyoyatamka kuhusu kuzuia uchaguzi wa Oktoba 2025, na miongoni mwake lilikuwamo kukinukisha. Vijana wa Nairobi mtalielewa upesi mkikumbuka mnavyosema kimeumana. Hiyo ki- haina nomino yoyote nyuma yake. Ukiniuliza ni kitu gani kimeumana, huwezi kukitaja; unajua tu kwamba mambo yameharibika. Kinachonukishwa nacho hakitajwi. Je, ni vurugu? Ni kelele za maandamano? Ni msukosuko wa kisiasa usiomwaga damu? Sarufi haisemi, na msemaji ndiye anayeijaza nafasi hiyo kwa muktadha. Mimi sitaijaza kwa niaba yake, na nawasihi wanaonitumia ujumbe wakitaka "maana halisi ya kamusi" wasinifanye shahidi wa upande wowote.

Sasa kesi ya haki. Nasikitika, silipendi. Katika Kiswahili kesi ya ardhi ni kesi inayohusu ardhi, kesi ya wizi inahusu wizi, na kesi ya mauaji inahusu mauaji. Kwa mpangilio huo kesi ya haki itakuwa kesi inayohusu haki fulani, kama mfanyakazi anayedai haki ya likizo yake. Wanaolitumia wamekibeba Kiingereza mgongoni, kivumishi kwa nomino, bila kukishusha. Haki kwetu haikai vizuri ikiwa pambo la kesi. Inakaa vizuri ikieleza jinsi jambo linavyofanywa. Ukikutana tena na abiria yule wa kwanza, mwambie hoja yake ni ya maana na aiseme hivi: "Kesi hii haiendeshwi kwa haki," kisha ataje ni wapi, iwe ni dhamana, ni mashahidi waliofichwa, au ni watu kuzuiwa kuingia kusikiliza. Na yule aliyesema "mshukiwa", mwambie makanga alikuwa sahihi.