Sakafu ya lamineti haitaki deki

Kwa sisi tuliokulia kwenye nyumba za saruji na terazo, sakafu safi ni ile iliyomwagiwa maji. Ndoo mbili, sabuni ya unga, fagio gumu, kisha tambara la deki kutoka chumbani hadi mlangoni. Sasa unahamia fleti ya Dar es Salaam, unakuta sebule imetandikwa mbao za lamineti zinazong'aa, na mkono unakwenda kwenye ndoo wenyewe. Uzuie. Karibu kila sakafu ya aina hii niliyoiona imeharibika, iliharibiwa na maji, na mara nyingi maji ya watu wasafi sana.

Lamineti si mbao halisi. Ilibuniwa Uswidi mwaka 1977 na kampuni ya Perstorp, ikaja kuuzwa kwa jina la Pergo. Juu ina ngozi ngumu ya melamini yenye chembe za oksidi ya alumini, chini ya ngozi hiyo kuna karatasi iliyochapwa picha ya mbao, halafu unene karibu wote uliobaki ni nyuzi za mbao zilizosagwa na kushindiliwa kwa gundi, ndugu wa ile MDF ya makabati ya jikoni. Ngozi ya juu haipitishi maji. Tatizo ni kwenye maungio. Tone likizama pale, nyuzi zinalinyonya na kingo zinavimba, na zikishavimba hazirudi hata ukizikausha kwa feni mwezi mzima. Huwezi pia kupiga msasa na kupaka vanishi kama parke, yaani sakafu ya mbao halisi, ya mninga, maana ukikwangua picha umemaliza kila kitu.

Jambo jingine ambalo wapangaji wengi hawalijui ni kwamba mbao hizi hazijagundishwa chini. Zimeshikana zenyewe kwa zenyewe, zimelazwa juu ya sponji nyembamba na nailoni ya kuzuia unyevu wa zege. Maji yakipenya hadi huko chini hayana pa kutokea. Hapo ndipo chumba kinapoanza kunuka uvundo huku sakafu kwa juu ni kavu kabisa.

Kabla ya yote, hakikisha ulichonacho ni lamineti kweli. Madukani kuna mbao za plastiki zinazofanana nayo kiasi cha kumchanganya hata fundi, na zile zinavumilia maji. Tafuta kipande kilichobaki au angalia ukingo kwenye kizingiti cha mlango. Ukiona kahawia ya nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, ni lamineti.

Kazi ya kila siku ni kuondoa mchanga, basi. Mchanga unaoingia na viatu ndio unaokwaruza na kufubaza ile ngozi ya juu, kwa hiyo weka kizulia nje ya mlango na kingine ndani, na viatu viishie hapo. Tumia fagio la ndani lenye nyuzi laini. La chelewa libaki uani. Kama una mashine ya kuvuta vumbi, zima ile brashi inayozunguka.

Kufuta nafuta mara moja kwa wiki, kwa kitambaa cha maikrofaiba kilichokamuliwa mpaka hakidondoshi hata tone. Kipimo changu ni rahisi: nikishapitisha kitambaa, sakafu iwe imekauka ndani ya dakika moja hivi. Ikibaki na maji yanayong'aa, kitambaa kimelowa mno. Fuata urefu wa mbao, na kama unatumia dawa ya kupuliza, ipulizie kwenye kitambaa, si sakafuni. Penye mafuta, matone mawili matatu ya sabuni ya maji ya vyombo kwenye maji ya uvuguvugu yanatosha, kisha rudia kwa kitambaa chenye maji matupu na ukaushe. Ile michirizi ya ukungu inayowafanya watu waongeze sabuni, sabuni ndiyo imeileta.

Shangazi yangu alipokuja kututembelea kutoka Tanga aliangalia hivyo vitambaa vyangu, akauliza, "Mwanangu, na deki mnapiga lini?" Nikamwambia, "Hapa hatupigi, shangazi." Hakuridhika, na simlaumu. Kama una dada wa kazi, usimwachie ndoo halafu umgombeze mbao zikishavimba. Mwonyeshe mwenyewe namna ya kukamua kitambaa, mweleze na sababu, maana nyumba alizotoka huenda zote zilikuwa za marumaru.

Sasa dawa. Jiki sakafuni haina kazi, na hatari yake kubwa ni kuchanganywa. Ikikutana na siki au na dawa ya choo yenye asidi inatoa gesi ya klorini; ikikutana na dawa ya vioo yenye amonia inatoa gesi nyingine ya sumu. Zote mbili zinachoma macho na kifua, na chumba cha fleti kilichofungwa kwa ajili ya kiyoyozi ndipo pabaya zaidi. Ukihisi kukabwa, toka nje na watoto kwanza, madirisha baadaye. Mafuta ya taa na polishi ya sakafu za saruji nazo weka mbali: haziingii kwenye melamini, zinabaki juu kama utando unaonasa vumbi na kuteleza. Nimeona mzee akianguka kwenye sakafu iliyong'arishwa kwa ajili ya wageni wa Idi. Waya wa chuma utakwaruza. Mashine ya mvuke inasukuma unyevu moto ndani ya maungio, hata kama muuzaji anaapa. Siki wapo wanaoisifu. Mimi yangu ni ya kachumbari.

Lakini ukiacha deki, angalia maji yanayokuja yenyewe, maana hayo huyaoni mpaka madhara yatokee. Kiyoyozi kikiziba bomba lake kinadondosha ukutani polepole, na jirani yangu mmoja alipoteza kona nzima ya chumba namna hiyo, nyuma ya kabati. Friji ikiyeyusha barafu. Mtungi wa maji ya kunywa unaovuja kwenye koki. Mvua za masika zinazopigwa na upepo kupita dirisha lililoachwa wazi kidogo. Na miguu ya udhu: watu watano wakitoka msalani kwa zamu mara tano kwa siku, mbao za pale mlangoni hazina maisha. Weka taulo zito mlangoni pa bafu na ulianike kila siku. Epuka kizulia chenye mpira chini, kwa sababu kinafungia unyevu. Mtoto akikojoa, futa hapo hapo, usisubiri filamu iishe.

Madoa yaliyobaki ni mepesi. Bazoka au nta ya mshumaa, weka barafu ndani ya mfuko wa nailoni juu yake mpaka igande, kisha bandua kwa kadi ya plastiki. Rangi ya kucha inatoka kwa asetoni kidogo kwenye kitambaa, madirisha yakiwa wazi. Viti vibandike vitambaa vizito miguuni, na kabati linyanyuliwe na watu wawili, lisiburutwe.

Mchwa pia wanaipenda, kwani ni mbao iliyosagwa. Ukigonga ukasikia uwazi mahali ambapo zamani hapakulia hivyo, au ukaona vijia vya udongo kwenye ubao wa ukutani, usimwage dawa sakafuni. Ita mtu wa kuua wadudu afungue pembeni.

Ubao ukishavimba, fundi anaweza kufungua kuanzia ukutani na kuubadilisha peke yake, ilimradi unao wa kufanana nao. Muulize mwenye nyumba kama kuna boksi lililobaki, piga picha lebo yake, na uzilaze mbao hizo ndani chini ya kitanda. Zikisimamishwa balkoni zitapinda kabla hujazihitaji.