Notisi ya masaa 24? Nani kakudanganya?

SWALI: Habari wakili. Ni fundi umeme kiwandani hapa Mwanza, mkataba wangu hauna ukomo, nalipwa kwa mwezi, nina miaka 3. Nimepata kazi Dodoma na wananitaka Jumatatu. Jamaa wa steshenari kaniambia niandike notisi ya masaa 24 halafu nikomboe kwa mshahara wa mwezi mmoja. Pia nina siku 14 za likizo, si zinaingia humo humo?

JIBU: Ndugu yangu, haya masaa 24 yamenichosha, haipiti wiki sijaletewa. Soma kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, hayamo. Mwezi wa kwanza kazini ni siku 7, ukishavuka hapo wa kulipwa kwa siku au wiki ni siku 4, wewe wa mwezi ni 28. Mkataba ukiweka nyingi zaidi unafuata hizo, ila ziwe sawa kwako na kwa mwajiri.

Sasa hii "kukomboa". Anayepewa ruhusa ya kulipa badala ya notisi ni mwajiri, akitaka uondoke leo anakupa hela ya siku hizo unaenda. Wewe ukigoma kuzifanya, anaruhusiwa kuzikata kwenye malipo yako ya mwisho, basi watu wakaona makato wakayaita haki. Hata mkataba wenu wenyewe uwe umeandika masaa 24, haushuki chini ya hizo siku 28 za sheria.

Likizo haiingii, notisi haitolewi mtu akiwa likizo wala haiendi sambamba nayo. Siku 14 zako zitalipwa kwenye hesabu ya mwisho.

Waombe Dodoma wasogeze tarehe, au kaa na bosi wako akuachie mapema, ila kwa maandishi, sio "tumeongea".

Na hawa vishoka wa barua jamani! Juzi dada mmoja kaniletea barua aliyoilipia elfu 3, aya ya pili bado ina jina la kampuni ya mtu mwingine, na kumbe mkataba wake ni wa miaka 2, kabakiza miezi 9. Mkataba wa muda maalum hauachwi hivyo, kwa kanuni za 2007 unaacha katikati pale tu mwajiri kauvunja kwa uzito, vinginevyo mkubaliane. Yeye keshaondoka na anadaiwa, aliyemwandikia yuko zake anatoa fotokopi. Wengine ndo hawaandiki kabisa, wanazima simu, kumbe zaidi ya siku 5 za kazi bila ruhusa ni kosa la kufukuzwa, na huko unakoenda wakipiga simu kuulizia wanaambiwa ulikuwa mtoro.

Barua andika mwenyewe, mistari mitano inatosha: tarehe ya leo, unaacha kazi, sababu, siku yako ya mwisho, sahihi. Toa nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa kabla hujatoka mlangoni kwa HR.