Mwanga wa urujuanimno wa nyota changa: unapima gesi yote?

Swali: Mimi ni mwalimu wa fizikia, sekondari moja hapa Moshi. Wanafunzi wangu wa kidato cha sita wamesoma kwamba nyota changa huzungukwa na diski ya gesi, sehemu kubwa haidrojeni, na kwamba molekuli zake hutoa mwanga wa urujuanimno. Wanauliza: mwanga huo ukiwa mkali, ndiyo kusema gesi ni nyingi? Na je, hauwezi kupimwa kutoka Kibo, ambako hewa ni nyepesi?

Jibu: Mwalimu, habari za Moshi. Nianze na Kibo, maana ni fupi: haiwezekani. Ukiwa mita 5,895 bado karibu nusu ya hewa iko juu yako, na mawimbi haya, ya nanomita 165 kushuka chini, humezwa na oksijeni juu kabisa, mbali na kilele. Ndiyo maana hutumika darubini ya Hubble iliyo angani, hasa COS, kifaa chake cha kuchanganua mwanga kilichowekwa mwaka 2009.

Swali la kwanza ndilo lenye utamu, na jibu lake ni hapana.

Molekuli ya haidrojeni ina atomi mbili zilizo sawa, chaji haielemei upande wowote, kwa hiyo ikizunguka au kutikisika tu hutoa mwanga hafifu mno. Gesi ya baridi, ambayo ndiyo nyingi, karibu haionekani. Kinachoipa molekuli mwanga wa urujuanimno ni nyota yenyewe. Gesi inayoiangukia kwa kasi ya mamia ya kilomita kwa sekunde hung'aa kwa mstari wa Lyman-alfa, yaani wimbi moja mahususi la mwanga wa haidrojeni, nanomita 121.6. Molekuli humeza fotoni (chembe ya mwanga) hiyo, kisha mara moja hutoa nyingine yenye wimbi refu zaidi, kwa mfano nanomita 144.6. Wape vijana wapige hesabu: iliyoingia ina nishati ya elektronivolti 10.2, iliyotoka 8.6. Tofauti imebaki ndani ya molekuli kama mtikisiko.

Sharti lake ni kwamba molekuli iwe inatikisika kabla ya kumeza, na hilo hutaka joto la kelvini 2,000 hivi. Joto hilo liko karibu na nyota, tena kwenye uso wa diski tu. Ni kama bodaboda za Kijenge usiku: taa za gari zitakuonyesha jaketi zinazong'aa, hazitakuhesabia abiria. Nyota ikiongeza Lyman-alfa, mistari hung'aa zaidi hata kama gesi haijaongezeka hata chembe.

Mimi naona thamani yake iko kwenye upana wa mstari, ambao wengi huuruka: gesi ikija kwetu na kwenda mbali nasi, wimbi lake husogea, na kasi ikizidi mstari hupanuka. Kwa nyota yenye uzito wa Jua, gesi iliyo umbali wa Dunia huzunguka kwa kilomita 30 kwa sekunde. Ukikaribia mara kumi, ni kama 94. Mstari mpana basi unakwambia gesi iko karibu. Ila angalia mlalo wa diski: ya nyota changa TW Hydrae, miaka ya nuru 200 hivi kutoka kwetu, tunaitazama karibu kutoka juu, na mistari yake ni myembamba.

Mkitaka uzito wa gesi yote, tafuteni HD, molekuli ya haidrojeni ambayo atomi yake moja ni dyuteri, yaani haidrojeni nzito. Haiko sawa pande zote, hivyo hung'aa hata kwenye baridi kiasi, kwa maikromita 112. Darubini ya Herschel iliuona mstari huo TW Hydrae, na matokeo yakatoka 2013.